Kisu, Sindano na Kifuko cha Ini

Mtu akigeuka macho ya njano kwa sababu mfereji wa nyongo umeziba, wengi hufikiria vijiwe. Kule Wasso, tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, daktari hulazimika kufikiria pia tegu wa mbwa.

Mbwa hula maini ya kondoo yenye vifuko vya maji, na tegu hukomaa tumboni mwake. Mayai hutoka na kinyesi, yakaingia kinywani mwa mtu, hasa mtoto anayecheza na mbwa bomani. Kifuko huota ndani ya ini na kukua kwa miaka. Kikipasukia kwenye mfereji wa nyongo, vipande vyake huuziba kama jiwe.

Hospitali ya Wasso ilianzishwa miaka ya 1960 na daktari mmisionari kutoka Austria, Herbert Watschinger. Kwa muda mrefu tegemeo lilikuwa kisu. Kumbukumbu za Wasso na Endulen zinaonyesha watu 171 waliopasuliwa kati ya 1990 na 2003. Nami nasema hao ni wale waliofika.

Kisu chenyewe si mchezo. Maji ya kifuko yakimwagika tumboni, mgonjwa aweza kuzirai na kufa palepale, au akapona kisha akaota vifuko vipya. Kwa hiyo wapasuaji walizoea kuua viini kwa maji ya chumvi kali. Lakini kifuko kikiwa kimetobokea kwenye mirija ya nyongo, chumvi hiyohiyo huiunguza mirija na kuacha makovu.

Wenzetu wa Turkana, Kenya, walitangulia. AMREF ilianza mpango wake huko mwaka 1983, na vidonge vya albendazoli vikajaribiwa. Miaka hiyohiyo Tunisia ikaleta sindano: kufyonza maji, kuingiza dawa, kufyonza tena. Mwaka 2010 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba kifuko changa kisichofika sentimeta 5 kitibiwe kwa vidonge, na kilichokwisha kufa kisiguswe, kitazamwe tu kwa ultrasaundi.

Sindano hairuhusiwi pale kifuko kilipotobokea kwenye nyongo. Mwenye macho ya njano amebakiwa na kisu, au mpira wenye taa unaopitishwa kinywani hadi kwenye mlango wa mfereji, ukapanuliwa na uchafu ukavutwa. Njia hiyo ilitangazwa Ujerumani na Japani mwaka 1974. Hufanyika katika hospitali kubwa chache, na kutoka Wasso hiyo ni safari ndefu kwa mtu mwenye homa.