Ngozi ya Mwanadamu na Rangi Yake

Msomaji, tazama mgongo wa mkono wako. Ngozi uionayo ni kiungo kikubwa sana. Ya mtu mzima ikitandazwa huenea karibu mita 2 za mraba. Huzuia vijidudu visiingie mwilini, hutoa jasho ili mwili upoe, na kwa mishipa yake ya fahamu hukujulisha moto na baridi, mguso na maumivu. Walakini, katika historia watu wengi hawakuuliza ngozi hufanya kazi gani. Waliuliza ni ya rangi gani, na kwa jibu hilo wakawapima wanadamu wenzao.

Kwa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya walibishana juu ya asili ya weusi. Wengine walidai kuwa ni laana. Wengine walisema ni kuunguzwa na jua. Marcello Malpighi, tabibu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1628, hakutosheka na madai. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuchunguza mwili kwa hadubini. Mwaka 1665, katika kitabu chake juu ya hisi ya kugusa, alieleza kuwa ngozi ina matabaka, na kwamba rangi ya mtu mweusi imo katika tabaka laini lililo chini kidogo ya utando wa juu. Ngozi iliyo chini ya tabaka hilo haikuwa nyeusi.

Leo twajua zaidi. Tabaka la juu, yaani epidemisi, katika sehemu nyingi za mwili lina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini yake iko demisi, yenye mishipa ya damu, mashina ya nywele na tezi za jasho. Kisha hufuata tabaka la mafuta. Katika sehemu ya chini kabisa ya epidemisi, mpakani mwake na demisi, zimo seli zitengenezazo melanini, ambayo huikinga ngozi na ukali wa jua. Idadi ya seli hizo hukaribiana kwa watu wote, weusi kwa weupe. Tofauti yao ni wingi na aina ya melanini.

Elimu hiyo haikuwazuia wenye nguvu. Hapa Kenya, wakati wa ukoloni, ardhi nzuri ya nyanda za juu ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Huko Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1950 iliagiza kila mtu aandikishwe katika fungu la rangi. Fungu hilo ndilo lililoamua akae wapi, asome wapi na aoe nani. Penye shaka, maofisa walitazama sura, hata nywele. Na ndugu wa damu moja wakaandikwa mafungu mbalimbali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991, na mwaka 1994 watu wa rangi zote wakapiga kura pamoja.

Basi fikiri, msomaji. Malpighi alikwisha kuonyesha mahali pa rangi miaka 285 kabla ya sheria ile kutungwa. Ujuzi ulikuwapo vitabuni, lakini wenye mamlaka walifaidika kwa kutoujali. Kwa hiyo ukisoma elimu ya mwili, usiishie kujibu mtihani. Ikumbuke siku utakaposikia mtu akihukumiwa kwa utando mwembamba kama karatasi, ambao mwili huupukutisha na kuufanya upya kila baada ya mwezi mmoja hivi.