Jibini Kabla ya Mashine: Waliotoboa Chungu Hatuwajui

Mvua zikikolea Ihumwa, majani yanakuwa mengi na maziwa pia. Yakikosa mnunuzi yanachacha, hela imeenda. Ukisema utengeneze jibini, unaambiwa ununue mashine ya kukandamizia. Nani kasema?

Huko Poland vilichimbuliwa vipande vya vyungu vyenye matundu, vya zaidi ya miaka 7,000. Mwaka 2012 wanasayansi wakatangaza kuwa vina mabaki ya mafuta ya maziwa: watu walichujia jibini! Aliyevitoboa hatumjui jina.

Bibi zetu wa Kigogo nao walitikisa mtindi kwenye kibuyu mpaka siagi ikajitenga, wakaichemsha ikawa samli ya kukaa muda mrefu. Nao majina hatukuyaandika.

Kumbe siri ni matundu na uzito tu. Toboa ndoo ndogo safi, tandika kitambaa, weka maziwa yaliyogandishwa, funika na sahani, juu dumu la maji. Lita 5 ni kilo 5. Ongeza taratibu, ukianza na mzigo mkubwa, jibini linaziba nje na maji yanabaki ndani.

Ukifanikiwa, safari hii jina liandikwe.