Shule, sufuria na Wayahudi wa Mbale

Wadau, juzi nilikuwa nasoma historia ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, nikakwama jikoni. Semei Kakungulu aliingia Uyahudi mwaka 1919, karibu na Mbale. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Myahudi, Yosefu, alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha sheria za chakula: nguruwe marufuku, nyama haichanganywi na maziwa, mnyama achinjwe kwa utaratibu wake. Kakungulu akaanzisha shule ili vijana wayarithi hayo.

Miaka ya 1970 Idi Amin akaipiga marufuku dini yao. Wengi wakasilimu au wakabatizwa. Wachache wakaendelea kwa siri.

Baada ya Amin walijenga shule zinazopokea pia Waislamu na Wakristo. Mimi nimejifunza hili: sinagogi hufungwa kwa amri, lakini sufuria ya mtu nani ataikagua? Ninyi mnaonaje?