Intatemwa na Uruhusha: Historia Fupi ya Ruhusa ya Kukata Mti

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Gishubi, mkoani Gitega. Baba mdogo ana mgrevilea nyuma ya nyumba yake, na tawi lake kubwa limelalia paa. Aliambiwa asiukate kabla ya kupata karatasi. Akaniuliza: "Wewe mwalimu, hebu nieleze. Mti nimeupanda kwa mikono yangu, uko ndani ya rugo langu. Ruhusa ya nini?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwanza, ruhusa ya kukata mti haikuletwa na Wazungu. Kirundi kina neno intatemwa, yaani vichaka visivyokatwa. Mwanafunzi wa Kiswahili atautambua mzizi -tem-, ule ule wa kutema kuni, pamoja na kiambishi -w- cha kutendwa. Intatemwa zilikuwa mahali pa heshima, hasa palipohusu ufalme, kama vile makaburi ya wafalme kule Nkiko-Mugamba. Hapakuwa na karatasi wala faini iliyoandikwa. Kilicholinda ni mwiko.

Vivyo hivyo, mti uitwao umuvugangoma, ambao jina lake lahusu kuzungumza kwa ngoma, haukuangushwa ovyo. Ngoma za ufalme zilichongwa kutokana na mti huo, na kazi hiyo ilikuwa ya koo maalumu, kwa idhini ya Mwami na kwa tambiko. Gishora, karibu na mji wa Gitega, ambako Mwami Mwezi Gisabo alikuwa na makazi yake, ni ushahidi wa utamaduni huo hadi leo.

Wajerumani walipouanzisha mji wa Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, makarani na wafanyabiashara wao. Wabelgiji waliwafuata mwaka 1916, na katika miaka ya 1930 wakawaamuru machifu wasimamie upandaji wa misitu, mikaratusi ikiwa mstari wa mbele. Hapo mambo yakageuka: mti ukawa kazi ya shuruti, na aliyeupanda hakuwa na hakika kama ni wake. Lugha nayo inatunza kumbukumbu. Neno la Kirundi la kibali ni uruhusha, lililotokana na ruhusa ya Kiswahili.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, na hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Serikali iliendesha kampeni kubwa za upandaji miti. Sheria ya misitu ya tarehe 25 Machi 1985 ilitambua misitu ya Serikali, ya komini na ya watu binafsi. Lakini Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, miti iliangushwa kuziba barabara katika sehemu nyingi za nchi, na katika miaka ya vita iliyofuata misitu mingi iliteketea. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na mwaka 2018 ukaanzishwa mpango wa Ewe Burundi Urambaye, wa kuivika nchi miti upya.

Basi nikamjibu baba mdogo hivi: ruhusa ilikuwapo tangu zamani, ila mtoaji wake amebadilika. Zamani sababu ya katazo ilijulikana na kila mtoto. Leo sababu ipo, na ni nzito: mvua inakokota udongo wa vilima vyetu hadi mabondeni. Lakini sheria ya 1985 iliandikwa kwa Kifaransa, na mzee wa kilimani hakifahamu. Akanitazama, akasema: "Kumbe sikukatazwa tu. Sikuelezwa."

Neno hilo linatuhusu sisi walimu wa lugha. Katazo lisiloeleweka huzaa shoka la usiku. Wanafunzi wetu watokao Gitega, Muyinga na kwingineko wanaweza kuanza kwa kukusanya majina ya miti na maneno ya ruhusa na mwiko kwa Kirundi na Kiswahili, kabla wazee wanaoyajua hawajatuacha. Anayeelewa kwa nini mti haukatwi ataulinda hata pasipo karatasi.