Kizuiamarejeo: Uchafu Uliotoka Usirudi Nguoni

Kanzu nyeupe ya pamba ikifuliwa tena na tena kwa maji ya kisima, huku Palma au Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, mwishowe huingia ukungu wa kijivu usiotoka hata ikisuguliwa vipi. Wengi husema nguo imechakaa. Wengine huilaumu sabuni kwamba haina nguvu ya kutoa uchafu. Beseni moja linatosha kuonyesha kwamba kisa si hicho. Chukua kitambaa kipya cha pamba, cheupe, kisicho na doa. Kikate vipande viwili, kimoja ukiweke kabatini, kingine ukitie majini pamoja na nguo za shamba, ukifue, ukisuuze na kukianika. Kikikauka, viweke sambamba. Kilichofuliwa kimefubaa kuliko kile cha kabatini. Hakikuwa na uchafu wa kutolewa, kwa hiyo kilichokifubaza kimetoka majini: uchafu uliobanduka kwenye nguo nyingine ulitafuta pa kushika, ukashika hapo. Polima zinazotiwa katika sabuni ya unga ili kuzuia jambo hili ndizo ninazopendekeza tuziite vizuiamarejeo, na hoja yangu ni kwamba neno lolote lisilotaja kurudi litamficha msomaji jambo lenyewe.

Kufua ni kazi mbili, nasi tumezoea kuihesabu moja. Ya kwanza ni kubandua: sabuni huzunguka chembe za udongo, masizi na mafuta, ikazing'oa. Ya pili ni kuziweka zielee mpaka maji yamwagwe. Kwa kawaida pamba ndani ya maji huwa na chaji hasi, na chembe za udongo na masizi vilevile, hivyo husukumana. Lakini sehemu kubwa ya pwani hii na visiwa vya Quirimbas imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na visima vilivyo karibu na bahari huingiliwa na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu. Hata yakiingia kidogo tu kisimani, maji huwa magumu. Ioni za madini hayo zina chaji chanya mbili, na kila moja inaweza kushika chembe ya udongo upande mmoja na uzi wa pamba upande wa pili, kama daraja. Hapohapo huila sabuni ya kipande, povu likakataa, ukabaki utando mweupe unaonata kwenye beseni na kwenye nguo. Yaani katika maji ya namna hii ile kazi ya pili ndiyo inayoshindwa kwanza.

Polima ya zamani na maarufu ya kuiokoa kazi hiyo ni selulosi ya kaboksimethili. Ilitengenezwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ikaanza kuingizwa katika sabuni miaka ya 1930. Hutokana na nyuzi za mti au za pamba. Kwa kuwa uti wake ni selulosi, hujilaza juu ya uzi wa pamba kama ndugu kwa ndugu. Na kwa kuwa imetiwa vikundi vyenye chaji hasi, huufanya uzi uzidi kuusukuma udongo. Kiasi kidogo hutosha, mara nyingi karibu asilimia moja ya unga wote. Jamaa yake wa karibu tunamjua: ni wanga wa muhogo. Nguo iliyotiwa wanga hupokea uchafu juu ya wanga badala ya juu ya uzi, na siku ya kufuliwa wanga huondoka na uchafu wake. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi. Tofauti ni kwamba wanga huutangulia uchafu kabla nguo haijavaliwa, na polima hii hufanya kazi yake ndani ya maji ya kufulia.

Sasa jina. Anayetafsiri neno kwa neno atavutwa na mtuamo, kwa kuwa neno la lugha za Ulaya hutumika pia kwa kutua kwa tope. Lakini kwa Mswahili kinachotuama hukaa chini ya chombo, ni mashapo. Uchafu huu haushuki chini, unapanda nguo. Mgando nao haufai, maana kizuia mgando tayari ni cha damu hospitalini. Kizuiataka ni kifupi na kitamu kutamka, ila kinasema uongo: polima hii haizuii nguo kuchafuka barabarani wala haitoi doa. Inachozuia ni safari ya pili ya uchafu uliokwisha kutoka. Marejeo ndilo neno la safari hiyo.

Atakayesema kwamba marejeo siku hizi ni orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu, hajakosea, ila muktadha wa beseni hauruhusu mkanganyiko huo. Atakayesema neno ni refu, akumbuke kiuavijasumu: nalo limeundwa kwa mtindo huu huu wa kitendo na kitendwa, na linasomeka bila shida. Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Shuleni Cabo Delgado mtoto mara nyingi husoma kwa Kireno, na Kireno kina antirredeposição. Kwa nini kuhangaika? Kwa sababu nguo hazifuliwi kwa Kireno. Zinafuliwa kwa Kimwani, kwa Kimakonde, na kwa Kiswahili kuanzia Palma hadi Quionga na ng'ambo ya Ruvuma, na anayechagua pakiti ya unga dukani ndiye anayepaswa kujua kwa nini unga mmoja huacha kanzu nyeupe na mwingine huifubaza.

Jina linalotaja kazi lina faida nyingine: halifungwi na kemikali moja. Kanzu nyingi sasa zina poliesta, na selulosi ya kaboksimethili haiushiki vizuri uzi huo. Hutumika polima nyingine, zenye sehemu inayofanana na poliesta yenyewe. Zote ni vizuiamarejeo. Leso mpya inayotoa rangi ikaipaka kanzu wekundu ni jambo jingine: hapo kilichohama hakikuwa uchafu wala hakirudi kokote, na polima inayokizuia ni ya aina nyingine. Hiyo tuipe jina lake, kizuiauhamaji wa rangi, tusiivishe hili.