Shinkolobwe: Watu Waliondoka, Jiwe Likabaki

Wapendwa, sisi wahubiri tukiona magofu tunakuwa wepesi kusema: hapa watu walitenda zambi. Leo tuangalie magofu ya kwetu Katanga, kilometa karibu 20 kutoka Likasi, mahali panapoitwa Shinkolobwe.

Mwaka 1915 uraniamu ilionekana pale. Kompani ya Wabelgiji, Union Minière, ikafungua mugodi. Kwanza walitafuta radiamu, iliyotumiwa kutibu kansa. Wakati wa vita ya pili ya dunia Marekani ikanunua uraniamu ile, na sehemu kubwa ya ile iliyoingia katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwetu. Kazi ilikuwa siri. Wazee wetu walioichimba hawakuambiwa inaenda kufanya nini.

Mwaka wa uhuru, 1960, mugodi ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa simenti.

Miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na wafanyakazi wakakaa bila mishahara. Maelfu wakaenda Shinkolobwe na nyundo na mifuko yao kutafuta kobalti. Kijiji kikajaa tena: nyumba, soko, watoto. Kobalti iliwapa chakula, lakini katika vumbi lake mulikuwa uraniamu.

Tarehe 28 Januari 2004 Leta ilifunga mugodi kwa amri ya Rais. Watu wakaendelea kuchimba, kwa sababu amri haikuleta unga nyumbani. Mwezi wa 7 mugodi ukabomoka, watu 8 wakafa. Halafu wakaaji wakaondolewa na nyumba zao zikavunjwa.

Basi, ni zambi gani ya wakaaji iliyoua kijiji hiki? Hatuioni. Kufunga mahali pa hatari ni haki, nasi hatubishi. Lakini tunaona kwamba tangu mwanzo tani za jiwe zilihesabiwa vizuri, na wale waliolichimba hawakuhesabiwa. Jiwe lilipokuwa na bei, waliitwa. Lilipokuwa tatizo, waliambiwa watoke.

Mutoto aliyezaliwa pale mwaka 2000 leo ni mutu muzima. Akiulizwa na watoto wake alizaliwa wapi, atawaonyesha majani tu.

Wapendwa, familia hizo ziko kati yetu. Tukikutana nazo, tusiulize walikosa nini. Tuulize majina ya jirani zao wa zamani, na tuyaandike, mbele ya wazee kuondoka nayo.