MAJI YA MATOGORO NA WAVUVI WA PWANI
Historia fupi ya watu waliojifunza kulinda mali ya wote

Ndugu msomaji, huenda utashangaa kukuta habari za wavuvi katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Sisi wa Mpitimbi tu wakulima. Bahari i mbali nasi, na wengi wetu hatujaiona kwa macho. Lakini tukumbuke kwamba katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ndiko unakoanzia mto Ruvuma. Mto huo husafiri karibu kilometa 800, na sehemu kubwa ya safari yake ni mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji, hata uingiapo Bahari ya Hindi upande wa Mtwara. Katika milima hiyohiyo huanzia pia mto Luwegu, ambao hukutana na Kilombero ukawa Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake penye mikoko mingi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Basi mtu asimamaye Matogoro ana majirani wawili wa mbali: mvuvi wa Msimbati na mvuvi wa Mafia. Udongo uchukuliwao na mvua katika shamba lililolimwa hata ukingoni mwa kijito hauishii kijitoni.

Sababu ya pili ya kuandika habari hizi ni kwamba wavuvi wamekwisha kujaribiwa na jambo ambalo sasa latujaribu sisi. Nalo ni hili: mali iliyo ya wote ilindwe na nani?

Tangu zamani watu wa pwani walivua kwa madema, mishipi na nyavu, wakisafiri kwa mitumbwi na ngalawa. Wakati wa bamvua, maji yapwapo sana, wanawake walikwenda kwa miguu miambani kutafuta pweza. Zana hizo zilikuwa na kiasi chake: hazikuweza kumaliza samaki kwa siku moja. Lakini bahari haigawanywi kwa mipaka kama shamba. Mvuvi amwachaye samaki mdogo leo hana hakika kwamba kesho atamkuta; huenda mwenzake amekwisha kumchukua. Hapo ndipo mtu mwema hushawishika kufanya kama wafanyavyo wabaya.

Katika miaka ya 1960 ilianza kuenea desturi ya kuvua kwa baruti. Mlipuko mmoja hupasua vibofu vya samaki wakubwa kwa wadogo. Wengine huelea, na wengi huzama wasiokotwe. Matumbawe, ambayo ndiyo nyumba na malisho ya samaki, huvunjika yakawa kifusi, nayo huchukua miaka mingi kuota tena. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza kabisa kazi hiyo. Hata hivyo milipuko iliendelea kusikika. Sababu zake hazikuwa ngumu kuzielewa. Askari walikuwa wachache na pwani ni ndefu. Wapiga baruti walikuwa watoto wa watu, tena wengine walikuwa na fedha. Mwanakijiji aliyewataja aliogopa kuchomewa nyumba, na waliofikishwa mahakamani mara nyingi walitozwa faini ndogo, wakarudi pwani.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa kusini walichoka. Kwa msaada wa mpango wa maendeleo wa Mtwara na Lindi uliogharimiwa na Ufini, walianza kukutana na kusema hadharani yale waliyokuwa wakinong'ona. Vijiji vya pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara viliunda umoja wao, ulioitwa Shirikisho, wa kupigana na uvuvi wa baruti. Kijiji kimoja peke yake kiliweza kutishwa. Vijiji vingi pamoja havikutishika kwa urahisi. Walidai viongozi watimize wajibu wao, na kwa muda milipuko ilipungua sana. Lakini ulinzi ulipolegea, mwanzoni mwa miaka ya 2000, baruti ilirudi, na ilihitajika jitihada mpya ya Serikali katika miaka ya 2010 ili kuizima tena. Funzo la kwanza ni hilo: umoja ni kama paa la nyasi, usipolitengeneza kila mwaka litavuja.

Huko Tanga, mwaka 1994, ulianzishwa mpango wa kutunza pwani katika Pangani, Muheza na Tanga mjini, uliosaidiwa na serikali ya Ireland. Wanavijiji, kama wa Kigombe na Kipumbwi, waliulizwa kwanza wao wenyewe shida zao ni zipi na chanzo chake ni nini. Baadaye vijiji vinavyovua mahali pamoja vilikubaliana na wilaya juu ya miamba ya kufungwa, zana za kukatazwa na zamu za doria. Mwaka huohuo wa 1994 Bunge lilitunga sheria ya hifadhi za bahari. Mafia ikapata hifadhi ya kwanza mwaka 1995, na Ghuba ya Mnazi pamoja na mlango wa Ruvuma ikafuata mwaka 2000. Hifadhi hizo zimeokoa mengi, lakini katika baadhi ya vijiji palitokea manung'uniko, kwa kuwa watu waliona makatazo kabla ya kuona faida. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 ilitoa nafasi kwa vikundi vya wavuvi wenyewe kusimamia uvuvi katika fukwe zao pamoja na Serikali. Vikundi hivyo vipo hata leo; vingine vina nguvu, vingine vimebaki jina tu, kwa kukosa mashua, mafuta na fedha za doria.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa pweza. Mnyama huyu hukua upesi sana, wala maisha yake si marefu. Mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska, watu walikubali kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi michache tu. Walipoifungua walipata pweza wakubwa kuliko waliozoea. Habari zikaenea, na baadaye ufungaji wa namna hiyo ukafanywa pia katika pwani yetu, kama vile Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo huko Kilwa. Nako Kuruwitu, katika Kilifi nchini Kenya, wavuvi na wazee waliunda chama mwaka 2003, kisha wakatenga eneo la bahari lipatalo hekta 30 ambalo havuliwi kitu, ili samaki wazaliane na kutoka nje yake.

Lakini tusidhani kwamba kufunga ni jambo jepesi. Mama aliyetegemea pweza kwa chakula cha jioni atakula nini miezi hiyo? Na siku ya kufungua, mgeni asiyelinda akija na mkuki wake, je, avune sawa na aliyelinda? Mahali walipojibu maswali haya kabla ya kufunga, mapatano yalidumu. Mahali yalipoachwa, watu walivua usiku. Kwa sababu hiyo vijiji vingi vilitafuta na kazi nyingine, kama vikundi vya kuweka na kukopa, na kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara Unguja mwaka 1989 na kushikwa zaidi na wanawake. Hata hivyo mkulima wa mwani mwenye wanunuzi wachache hana sauti juu ya bei. Sisi wanaushirika twalijua vizuri jambo hilo.

Maana sisi nasi tuna historia. Wakulima wa tumbaku wa nchi hii walikuwa na chama chao kikuu, cha Wangoni na Wamatengo, tangu mwaka 1936. Mwaka 1976 vyama vikuu nchini vilivunjwa kwa amri, wanachama wasiulizwe, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982. Kilichojengwa kwa miaka mingi kilianguka kwa siku moja. Twajua basi uzito wa kuulizwa.

Sasa nikiri kosa langu. Tumbaku yetu hukaushwa kwa moshi, na mabani hula kuni nyingi. Nilipoona miti ya chemchemi inakatwa, niliandika tangazo la kukataza, nikagonga muhuri wa chama, nikalibandika ukutani mwa ghala. Nilidhani kazi imekwisha. Baada ya mavuno nilikwenda chemchemini nikakuta visiki. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, karatasi yako tuliisoma. Lakini hukutuambia kuni tukazitoe wapi." Sikuwa na jibu.

Wavuvi wamenipa jibu ambalo naliweka mbele ya Mkutano Mkuu wetu. Kila kijiji kitaje chemchemi zake chenyewe. Kabla ya kufunga msitu, tuwe na kitalu cha miti ya kuni, na mwaka wa kuanzia tukubaliane mahali pa kukata. Zamu za ulinzi ziandikwe kwa majina, na jina la katibu liwe la kwanza. Miti ikikomaa, aliyelinda apate fungu lake mbele ya asiyelinda. Tena mapatano hayo yasomwe upya kila mwaka, yasisubiri visiki.

Miaka kumi iliyopita tulikubaliana kuuza mazao yetu pamoja. Katika miaka kumi ijayo tukubaliane kulinda maji pamoja. Mvuvi wa Msimbati hatujui majina, wala hatakuja kutushukuru. Lakini maji yatakayomfikia yatakuwa yamepita kwetu.